Askari Aliyejibu Hakuna Shida

Ndugu wafiwa, majirani, wenzake marehemu wa jeshini na wa kiwanda cha mikate, nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni mke wake, nimeiandika karatasi hii na ndimi nitakayeisoma, ingawa kwa kawaida angesoma mtu mzima wa upande wake, na shemeji yangu mkubwa, kaka yake marehemu, alikuwa tayari, ila juzi tulipokaa kupanga tukaona kwamba yeye anamjua mpaka siku alipoondoka nyumbani kwenda jeshini, wenzake wanamjua pale katikati, na huku mwisho ninamjua mimi, basi ikasemwa asome mama watoto, na mama watoto ndiye huyu mnayemwona, mnivumilie, nikikimbia sana mnionyeshe kwa mkono nipunguze.

Jina lake kamili limeandikwa kwenye jeneza, wote mmeliona, kwa hiyo mimi nitamwita baba watoto kama nilivyomzoea, na wenzake wa kikosini wanamjua kwa jina la Nipo, nitaeleza mbele kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1991, nyumbani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho kwa mama yake, hayo ni kwa mujibu wa mama mkwe wangu aliyekaa hapa mbele, lakini jeshi linasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1990, kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuwa na cheti, na aliyekuwa anaandika akasema asiye na cheti tunamwandikia mwezi wa kwanza, mwaka tunakadiria kwa kumwangalia, basi akaongezewa mwaka na zaidi akiwa amesimama palepale kwenye mstari, na nilipomuuliza tufuate ipi akasema fuata ya mama, mama ndiye aliyekuwepo. Lakini kwenye jeneza wameandika ile ya jeshi, sijui nani aliwapa, mama naomba usiumie, tutaulizana wakipoa watu.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha treni, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza kidato cha nne mwezi Novemba 2008, na kaka yake ameniambia niandike kwamba alikuwa mtoto msemaji kupita kiasi, walimwita Redio, akitumwa sabuni anarudi giza limeingia kwa sababu kila mlango alikuwa na la kuzungumza, na mwalimu wake wa hesabu alimhamishia dawati la peke yake na bado akawa anaongea na ukuta. Nimeandika kama nilivyoambiwa, ila huyo mtoto mimi sikumkuta, nilimwambia shemeji jamani una uhakika si ndugu mwingine, akacheka mpaka akalia, akasema shemeji, ni huyuhuyu, tulimpeleka akiwa redio wakatuletea betri.

Tarehe 1 Julai 2009 alijiunga na jeshi, akafunzwa ufundi wa jenereta na mitambo ya umeme, akapanda mpaka cheo cha koplo, akatumwa mara mbili kwenye operesheni ambazo sijui zilikuwa wapi, alisema tu kulikuwa na vumbi, na huko ndiko alikopewa jina la Nipo, maana kwenye kuitwa majina asubuhi alikuwa anaitika kabla jina halijamalizika. Mwenzake mmoja, sajini ambaye wao wanamwita Mrefu, yule pale amesimama karibu na dirisha, ndiye amenieleza jambo ambalo ningelielewa mapema labda leo tungekuwa tunazungumza mengine, kwamba kwenye ukaguzi, mkubwa wako akipita mbele yako na kukuuliza una shida yoyote, jibu ni moja tu, hakuna shida, afande, hata kama kiatu kimekukata mpaka soksi imelowa damu, kwa sababu ukisema shida ipo, kikosi kizima kinabaki juani mpaka shida yako imalizwe, na jioni wenzako wanakusubiri bwenini wakuulize kwa upole kidogo ulikuwa na shida gani kubwa hivyo. Marehemu alijibu hivyo kwa miaka kumi na miwili na hakuna aliyewahi kubaki juani kwa ajili yake, Mrefu ameomba niliseme hilo kama sifa, nami nalisema kama sifa, ijapokuwa sijui kama ni sifa.

Mimi na yeye tulikutana mwaka 2018 kwenye duka la fotokopi na picha nilikokuwa nimeajiriwa baada ya kumaliza kidato cha nne, alikuja kupiga picha ndogo za kitambulisho, akakaa kwenye kile kigoda wima kama ufagio, nikamwambia tabasamu kidogo basi, kaka, akauliza ni amri, nikasema ndiyo ni amri, akatabasamu, picha ikakataliwa kazini kwao kwa sababu ya meno, akarudi kupiga nyingine, na nyingine, mpaka tajiri wangu akasema huyu askari ana sura ngapi. Tulifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2019, tukajaliwa watoto wawili, wa kiume alizaliwa tarehe 22 Septemba 2020, na wa kike tarehe 5 Februari mwaka huu wa 2024, ndiye huyo analia huko nyuma kwa wifi, binamu yake marehemu, wifi mlete tu, nitasoma naye.

Tarehe 30 Juni 2021 mkataba wake uliisha, akarudi uraiani, tukapanga chumba na sebule kwa mama mwenye nyumba aliyekuja leo na kiti chake mwenyewe, ahsante mama, na hapo ndipo mimi mambo yalianza kunichanganya, maana mtu mwenyewe alikuwa amerudi na kila siku nilikuwa namsubiri afike. Viatu vyote vya nyumbani, hata ndala zangu, hata vya mtoto ambaye alikuwa bado hajajua kutembea vizuri, alivipanga visigino ukutani, na mtoto akishalala naye alikuwa anavikagua, halafu akija mgeni hakai mpaka mgeni aseme kaa, nyumbani kwake mwenyewe, mgeni anashangaa. Alipopata kazi kiwanda cha mikate, siku ya kwanza msimamizi wake akamwambia nisubiri hapa nakuja, akaitwa kwenye oveni iliyokuwa imeharibika, akamsahau kabisa, jioni anatoka zamu mvua inanyesha anamkuta palepale getini, mikono nyuma, akamwuliza wewe bwana kwa nini hukuingia ndani, akasema uliniambia nisubiri hapa. Msimamizi yupo, anaitikia kwa kichwa, ndivyo ilivyokuwa, na kesho yake alimpa kazi ya kutunza jenereta na oveni zote, akasema mtu wa namna hii mikate haiungui.

Sasa kuhusu sheria, kwa sababu nimeulizwa sana hapa msibani na kila mtu ana lake, nitasema ninalolijua. Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwasaidia Askari Wanaorejea Uraiani, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, niliisikia redioni nikiwa nafua, nikaacha nguo kwenye beseni nikakimbia kumwambia, kwamba askari aliyemaliza utumishi wake atasaidiwa kupata makazi, ufundi wake wa jeshini utatambuliwa uraiani kwa cheti, atatibiwa, na atapata mshauri wa kuzungumza naye, yeye na mke wake na watoto wake, nikaona hii sheria imeandikwa na mtu aliyewahi kuchungulia dirishani kwetu. Ila ndani yake kuna kifungu kimoja, kwamba hitaji lazima askari alitamke kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya ofisa na mashahidi wawili, bila kusemewa na mtu, na walipoeleza sababu nikaona ni sababu nzuri, kwamba siku za nyuma askari walikuwa wanapangiwa tu, huyu nenda kalime, huyu nenda kalinde ghala, hakuna aliyewauliza wanataka nini, safari hii wakasema tuwaheshimu, waseme wenyewe.

Tukaenda, si mara moja, kwenye ile ofisi ya ghorofa ya kwanza yenye mabenchi ya kijani, mashahidi ni makarani wa meza ya pili, na ofisa mwenyewe ni dada mmoja mwenye sauti ya upole, naye amekuja leo, amekaa karibu na mlango, amevaa koti la kijivu, dada tunakushukuru kwa kuja. Jina la marehemu likiitwa, anasema nipo, anasimama, dada anamwambia kaa ndugu yangu, anakaa, dada anamwuliza je, una shida yoyote ungependa ofisi ikusaidie, na mume wangu, ambaye tangu nyumbani tumepanga maneno, makazi, cheti cha ufundi, matibabu, tumerudia njiani kama watoto wa mtihani, anatazama ukuta juu ya kichwa cha yule dada na kusema, hakuna shida, afande. Mara ya kwanza nilidhani anatania. Dada akasema mimi si afande, mimi ni raia, akasema sawa, afande, watu wa kwenye mabenchi wakacheka, naye akacheka, ikaandikwa hana hitaji. Mara ya pili nikafungua mdomo nimsemee, dada akaniinulia mkono kwa huruma, mama pole, sheria inataka aseme mwenyewe, na mara ya tatu akamwuliza polepole kabisa, kama mtu anayempitisha mtoto kwenye maji, akajibu lilelile, na tulipofika chini kwenye ngazi nikamwuliza wewe una nini, kwa nini unanifanyia hivi, akasema, sasa mama, kuna watu wote wale wanasubiri nyuma yangu.

Sikuelewa. Nilikasirika mpaka nikapanda basi nikakaa kiti cha mbali naye. Nimekuja kuelewa juzi, Mrefu aliponieleza habari ya jua.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu hakuwahi kusema anaumwa, ila nilikuwa naona anakunywa maziwa badala ya chai, anatafuna vile vidonge vyeupe vya kiungulia kama karanga, na akiinama kumvalisha mtoto viatu anakaa chini hukohuko kwa muda, nikimwuliza anasema nakagua. Tarehe 3 Juni mwaka huu alianguka kazini mbele ya oveni, wenzake wakamkimbiza hospitali, daktari akamwuliza unasikia maumivu wapi, akajibu mnachojua nyote atakuwa amejibu, na daktari, Mungu ambariki, akamtazama vidole vya miguu wakati anambonyeza tumbo, akaona vimejikunja, akasema huyu anaumwa sana, mpelekeni chumba cha upasuaji sasa hivi. Kilikuwa kidonda cha tumbo, kilikuwa kimetoboka, na sumu ilikuwa imeshasambaa ndani, nimeelezwa mara nyingi na bado sijui kama nimeelewa, kwamba angesema miezi michache nyuma kilikuwa kidonda cha kutibiwa kwa dawa tu, na dawa hizo zimo kwenye sheria. Tarehe 11 Juni, siku ya Jumanne, asubuhi, muuguzi alikuwa anagawa dawa akaita jina la mgonjwa wa kitanda cha jirani, na mume wangu akaitika yeye, nipo, kwa sauti nzuri kabisa, ya nguvu, mpaka nikafurahi, nikasema leo ameamka vizuri, nikageuka kumchukulia maji, nilipogeuka tena alikuwa amekwisha fariki. Sijui kwa nini aliitika jina lisilo lake, nimewauliza watu wazima, wengine wanasema hivi wengine vile, mimi sijui.

Marehemu ameacha mama, kaka, mke na watoto wawili.

Hapo ndipo karatasi ilipotakiwa kuishia kabla ya shukrani, na shemeji amenipa ishara, nimeiona, lakini kuna jambo moja ambalo nalo ni la historia yake, naomba niliseme nikiwa bado nimesimama, maana nikikaa sitasimama tena. Jana wazee walikaa, wakaona kwamba mimi ni mdogo, sina kazi tangu huyu mchanga azaliwe, chumba ni cha kupanga, basi mtoto mkubwa aondoke na baba yake mkubwa leo baada ya mazishi, akasome huko, na mimi nibaki na mchanga au nirudi kwetu, na walilisema kwa upendo, shemeji yangu ni mwashi, nyumba yake ina nafasi, ana moyo, sina neno baya juu yake. Wakaniita, nikasimama mlangoni, mzee mmoja akaniuliza, mama watoto, je, una shida yoyote na hilo, watu wote wananitazama, wamechoka, hawajala, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, hakuna shida. Kwa sauti yake kabisa. Hata mikono nilikuwa nimeiweka nyuma.

Kibegi cha mtoto sasa hivi kiko kwenye gari la shemeji, kiti cha nyuma, na viatu vyake vidogo juu yake.

Kwa hiyo, dada mwenye koti la kijivu, naomba usimame kidogo, samahani kukusumbua msibani, kile kifungu cha wajane kinasema askari akifariki ndani ya miaka mitatu ya kurejea mjane wake anatamka hitaji mwenyewe, au kinasema miaka miwili tangu sheria ianze, hapo ndipo sielewi, kwa hesabu ya kwanza bado niko ndani na kwa hesabu ya pili nimechelewa miezi mitano hivi, mwalimu mstaafu wa jirani anasema niko ndani, fundi cherehani anasema niko nje na tena lazima iwe ofisini si msibani, nimewasikiliza wote wawili mpaka kichwa kinauma. Lakini ofisa ni wewe, uko hapa, na mashahidi wawili, nadhani hapa tumezidi wawili.

Shida ipo.

Nina shida ya mahali pa kukaa na watoto wangu wawili, pamoja, chini ya paa moja. Nina shida ya ufundi, nilijua fotokopi na picha, naweza kufundishwa na kingine, nafasi aliyokuwa apewe yeye nipeni mimi. Nina shida ya mtu wa kuzungumza naye, maana nimeanza kupanga viatu. Na shemeji, baba mkubwa, nakuheshimu, nisamehe kukujibu leo swali la jana, mtoto asiondoke, naomba kibegi kishushwe kwenye gari, na kama kuna mtu atabaki juani kwa sababu ya shida yangu basi namwomba radhi, abaki na mimi kidogo.

Ahsante shemeji. Nimekuona unatoka kwenda kwenye gari, ahsante, viatu usivisahau. Dada naye anaandika, sijui anaandika nini, ila anaandika, na amenitikisia kichwa, sijui kama ni cha kukubali au cha pole, nitakwenda Jumatatu kumwuliza, na nitakwenda na hawa wote wawili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, hasa daktari aliyetazama vidole vya miguu, msimamizi na wafanyakazi wa kiwanda cha mikate waliomkimbiza hospitali kwa gari la mikate ikiwa bado ya moto ndani, mama mwenye nyumba kwa kutotaja kodi tangu Jumanne, majirani kwa maji na viti, askari wenzake waliokuja na sare na waliokuja bila sare, na mama mkwe wangu kwa kumzaa tarehe 9 Machi.

Baba watoto, mimi sikukukuta ukiwa redio, na nilikuwa nakaribia, nadhani. Mtoto mkubwa ameanza kusema sana, anasema mpaka na ukuta, na sitamhamishia dawati. Leo mguu pande, legeza mikono, hapo ulipo hakuna anayekukagua na hakuna anayesubiri nyuma yako, na jina lako likiitwa usihangaike kuamka, tutaitika sisi, tupo, pumzika wewe, kwa amani, pumzika.